"Mmea wa Kijani, Majani Mapana": Jibu Lisilomsaidia Mbwa Wako

Juzi usiku dada mmoja msomaji kaniandikia kwa hofu: mbwa wake katafuna mmea wa sebuleni, afanyeje? Nikamuuliza mmea gani. "Wa kijani, majani mapana." Jamani! Nikamwomba picha. Kumbe ni Epipremnum aureum, ule unaotambaa wenye mabaka ya njano. Nikashusha pumzi, nikamwambia ampigie daktari wa mifugo, na mbwa yuko salama. Ila swali lake limenichokonoa, maana kuna jambo nimelimeza muda mrefu.

Tulialikwa sherehe kwa wifi yangu, na Tomi, mbwa wetu, alikaribishwa pia. Kwenye kona ya sebule palikuwa na Dieffenbachia kubwa, majani yake yana madoadoa meupe. Nikamwambia wifi kwa upole kwamba chungu kile kingepandishwa mezani. Akacheka mbele za watu: "Wifi na mbwa wako!" Nikanyamaza, ugenini utafanya nini?

Chakula hakijaisha tukasikia Tomi analia. Udenda unamchuruzika, anajipangusa mdomo kwa miguu ya mbele, midomo inaanza kuvimba, na jani moja limeng'olewa nusu. Sikuhitaji kuuliza kitu. Majani ya mmea ule yamejaa fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha kama sindano, na mnyama akitafuna zinamchoma ulimi, ufizi na koo papo hapo. Monstera, Philodendron, Spathiphyllum na huo wa dada yetu wote ni ukoo mmoja na wana fuwele hizohizo. Maumivu ni makali, lakini ni nadra kuua. Cha kuogopa ni koo kuvimba hadi pumzi ikabanwa.

Basi nikamsuuza kinywa kwa maji safi, nikampa maji ya kunywa, huku mume wangu anampigia daktari. Hapo ndipo mzee mmoja akaja na bilauri ya maji ya chumvi ili mbwa "atapike sumu". Nikakataa. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, na kumtapisha kungezipitisha fuwele zile kooni mara ya pili. Daktari alipouliza mmea, nikamtajia jina lake kamili, akaniambia nimefanya sawasawa, niendelee kumwangalia anavyopumua. Kesho yake Tomi alikuwa anadai chakula.

Najivunia siku ile, sitaficha. Lakini nilichosikia nyuma yangu wakati naondoka ni kwamba namthamini mbwa kuliko wakwe zangu, tena nimemvunjia mzee heshima. Mpaka leo wifi salamu zake ni za mkato. Sawa. Bora salamu za mkato.

Sasa nyinyi mnaopenda sebule zenye kijani, na najua mko wengi kama mimi, nisikilizeni. Jueni majina. Si jina la muuzaji, maana muuzaji anaweza kuuita mmea chochote kinachopendeza. Ni jina la kitaalamu, liandikwe kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya chungu. Macho yanadanganya. Cycas revoluta ina makuti, inafanana na michikichi midogo ya mapambo, na watu huinunua wakidhani ni ndugu wa Dypsis lutescens, ambayo haina madhara kwa mbwa. Si ndugu hata kidogo. Cycas ina sumu iitwayo saikasini inayoharibu ini, kila sehemu yake ni sumu, na mbegu moja au mbili zinatosha kuua mbwa. Ubaya wake ni kwamba mbwa anaweza kutapika kidogo, akatulia, nawe ukatulia, kumbe ini linaharibika, na dalili zake hujitokeza siku 2 au 3 baadaye. Kwa mmea huu usisubiri dalili. Chukua kipande cha jani, mchukue mbwa, nenda.

Nerium oleander, kile kichaka cha maua, na Kalanchoe, ule mmea wa chungu wenye majani manene, hushambulia moyo. Hizo nazo hazina "tuone kwanza".

Aloe vera, yaani mshubiri, na Sansevieria, ile yenye majani yaliyosimama kama panga, huleta kutapika na kuharisha, mara nyingi si zaidi ya hapo. Ua jekundu la Euphorbia pulcherrima limesingiziwa mno. Utomvu wake huwasha mdomo na kuchafua tumbo kidogo, basi. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaotupa maua yao yote baada ya kusoma orodha moja, halafu wanabaki na Cycas mlangoni. Jueni majina, nasema tena.

Na msiniambie "mbwa wangu hali majani". Mbwa mdogo anayeota meno hutafuna hata kiatu, na mkubwa aliyeachwa peke yake kutwa nzima atatafuta la kufanya.

Yule dada msomaji ameniuliza aweke nini mahali pa ule unaotambaa. Nimemwambia Chlorophytum comosum: huning'inia vizuri, huzaa vichipukizi vya kugawia marafiki, na mbwa akiung'ata hamna sumu. Calathea, yenye majani ya michoro, na Nephrolepis exaltata, ambayo ni aina ya kangaga, pia ni salama. Akipenda sura ya mshubiri, atafute Haworthia. Wenye paka wasiitumie orodha hii bila kuuliza, kwa kuwa mayungiyungi ya jenasi ya Lilium, ambayo kwa mbwa kwa kawaida huishia kuchafua tumbo tu, kwa paka huua figo.