Swali la msomaji: Nailoni ya gemu hii ni ya kiwandani au ilifungwa upya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, na katika vitu vyake tumekuta gemu ya Super Mario Bros. 3 ya NES, ile mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, ambayo haijawahi kufunguliwa. Boksi limekaa vizuri, nailoni imelizunguka lote, ila pembeni kuna kitobo kidogo. Juu ya nailoni kuna stika ya bei ya dukani. Mtu mmoja ameniandikia kwamba nikimtumia picha mbili atanilipa leo leo. Mwingine ameziona picha hizohizo, akasema ilifungwa upya na haina thamani. Nitajuaje nani mkweli? Nibandue stika na kuifuta vumbi kwanza? Na je, niipeleke kwa kampuni za ukaguzi ikapewe alama ya ubora au niiuze hivihivi?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba.

Stika usiiguse. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote tunaweza kuyarekebisha, lakini nailoni iliyochanika wakati wa kubandua stika hairudi. Nailoni hiyo ina zaidi ya miaka thelathini. Imekauka na imejibana, na gundi ya stika mara nyingi ina nguvu kuliko yenyewe. Tena stika hiyo ni shahidi wako, kama nitakavyoeleza. Usiifute kwa maji wala kwa dawa yoyote. Vumbi lipeperushe kwa brashi laini, basi.

Sasa nailoni yenyewe. Nawa mikono, ikaushe, lishike boksi kwa kingo na uligeuze uangalie mgongo wake chini ya taa inayomulika kwa ubavu. Katika miaka ya NES, Nintendo ilifunga gemu zake kwa mtambo uliolizungushia boksi karatasi ya nailoni na kuziunganisha ncha zake nyuma. Ukitazama vizuri utaona mshono mmoja uliolala, unaovuka mgongo wa boksi kutoka ubavu hadi ubavu, na kwenye kingo mbili mishono iliyosimama. Kwa pamoja inachora herufi H, na ndivyo wakusanyaji wanavyouita: mshono wa H. Upapase kwa ncha ya kidole bila kuusugua. Utahisi ukanda mwembamba pale nailoni ilipolaliana.

Mashine ndogo za kufungia, zile za mezani, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Boksi huingizwa ndani ya nailoni iliyokunjwa mara mbili, waya wa moto hukata na kuziba pande zilizobaki wazi, kisha hewa moto huibana. Mshono unaobaki hupita kwenye ubavu wa boksi kama uzi mwembamba, na mgongoni hakuna kitu. Ukiukuta huo kwenye gemu ya Nintendo ya NES, jibu umelipata na haina haja ya kuendelea. Usimfikirie vibaya mjomba wako, wala aliyemuuzia. Maduka yalikuwa na mashine hizo, na gemu iliyorudishwa na mteja iliweza kufungwa tena na kuwekwa rafuni bila nia ya kumdanganya mtu. Matapeli walikuja baadaye, bei zilipoanza kupanda.

Nikutahadharishe usiibebe kanuni hii kwenye kila gemu. Gemu za NES zilizotolewa bila leseni ya Nintendo zilifungwa kwa njia nyingine, na kasha za diski za PlayStation hukunjwa kwenye ncha kwa umbo la Y, kama pakiti ya sigara. Mshono usomwe kwa kuzingatia mashine ya gemu, kampuni na miaka yake.

Tuseme umeona mshono wa H. Hapo ndipo watu wengi husimama, na mimi nilisimama hapohapo nikapata hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gemu ya NES yenye mshono wa H mzuri sana, nikamlipa muuzaji bila kusitasita. Nyumbani, chini ya lenzi ya kukuza, niliona kwenye karatasi ya boksi alama ya mraba iliyopauka, pale stika ya bei ilipowahi kubandikwa. Alama ilikuwa chini ya nailoni. Maana yake boksi lilikaa wazi, likabandikwa stika, likabanduliwa, kisha mtu mwenye mtambo mzuri akalivisha nguo mpya. Siku hizi mshono wa H unaigwa. Kwa hiyo mshono ni swali la kwanza tu. La pili, ambalo mimi nalithamini zaidi, ni kama boksi na nailoni vimezeeka pamoja.

Anza na pembe. Boksi lililogongwa likiwa ndani ya nailoni huacha kovu kwenye vyote viwili: karatasi imebonyea, na nailoni juu yake imekwaruzika au imelegea. Ukiona pembe ya boksi imechakaa hadi weupe wa karatasi unaonekana, huku nailoni juu yake ikiwa safi na imenyooka, jiulize uchakavu huo ulipitaje bila kuigusa nailoni. Tafuta pia vumbi, unywele au alama za vidole zilizonaswa chini. Tazama mlango wa boksi, pale kifuniko kinapochomekwa: mkunjo mweupe ni dalili kwamba kimewahi kufunguliwa. Halafu ndiyo stika yako. Kwa kuwa imekaa juu ya nailoni, ikiwa imevaa vumbi la miaka na kingo zake zimegeuka rangi pamoja na nailoni iliyoizunguka, inasema nailoni ilikuwepo gemu ilipokuwa dukani. Haithibitishi peke yake, maana stika kuukuu nazo zinaweza kuhamishwa, lakini ni neno zito upande wako.

Kuhusu kitobo, huenda umejitia wasiwasi bure. Nailoni ya kiwandani mara nyingi ina vitobo vidogo vya kupitishia hewa wakati inabanwa na joto. Hivyo ni vya duara, kingo zake ni safi. Kama chako ni cha hivyo, si kasoro. Ni dalili njema. Kama kingo zimeparurika na kuna ufa unaotoka hapo, ni mchaniko, na utashusha alama ya nailoni, ingawa hauiondolei gemu sifa ya kutofunguliwa.

Kabla hujafikiria bei, kuna jambo moja kwenye gemu hii mahususi ambalo lazima ulitazame. Kwenye jina lililoandikwa mbele ya boksi, neno “Bros.” liko wapi? Katika chapa za mwanzo za toleo la Marekani, la 1990, neno hilo lilisogezwa kushoto na linafunika glavu nyeupe ya Mario. Baadaye lilihamishiwa kulia, mkono ukaonekana wazi. Gemu ni ileile, lakini ya “Bros.” kushoto ni adimu zaidi na wakusanyaji huigombania. Novemba 2020 moja ya aina hiyo, iliyopewa alama 9.2 A+ na Wata, kampuni inayokagua gemu na kuzipa alama za ubora, iliuzwa dola 156,000 kwenye mnada wa Heritage, na wakati huo hakuna gemu iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo mnadani.

Naitaja bei hiyo ili uelewe uzito wa neno moja kwenye boksi, si ili uitarajie. Super Mario Bros. 3 iliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na yenye “Bros.” kulia ikiwa haijafunguliwa ni kitu kizuri chenye wanunuzi, lakini iko mbali mno na bei hiyo. Tena wakati ule soko lilikuwa limewaka moto. Aprili 2021 Super Mario Bros. ya kwanza ilifika dola 660,000. Julai 2021 The Legend of Zelda ilifika 870,000, na siku mbili baadaye Super Mario 64 ikauzwa 1,560,000. Mwaka uliofuata baadhi ya wakusanyaji waliishtaki Wata nchini Marekani wakidai ilishiriki kuzipandisha bei isivyo halali. Kwa gemu nyingi bei zimeshuka sana tangu kilele kile. Anayekutajia bei za 2021 leo, awe anauza au ananunua, hakusaidii. Tafuta bei ambazo nakala kama yako zimelipiwa kweli katika miezi ya karibuni. Bei wanazoomba wauzaji usizihesabu. Kuomba hakuna gharama.

Sasa suala la kupewa alama. Kampuni kama Wata hukagua gemu, huipa alama na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Wata hutoa tarakimu kwa boksi, ya juu kabisa ikiwa 10, na herufi kwa nailoni, ya juu kabisa ikiwa A++. VGA, iliyoitangulia, hutumia kipimo cha 100. Unacholipia hasa ni jicho la tatu: mnunuzi aliye mbali, asiyeweza kupapasa mshono, anapata mtu mwingine aliyeupapasa. Ada hupanda kadiri thamani ya gemu inavyopanda, na kuna kusubiri. Kwa hiyo ushauri wangu unategemea lile neno “Bros.”. Likiwa kushoto, na mshono na pembe vikakuridhisha, ipeleke bila shaka, kwa sababu mnunuzi makini wa toleo hilo hatalipa bei kamili kwa picha. Likiwa kulia, na nailoni ikawa na mchaniko, piga hesabu kwanza. Ada, usafirishaji na bima vinaweza kumeza chote ambacho alama ingeongeza, na hapo ni afadhali uiuze ilivyo kwa picha nzuri na maelezo ya kweli, mchaniko ukiwa umeonyeshwa mbele kabisa.

Huyo wa “picha mbili, pesa leo” mwache asubiri. Kwa picha mbili hakuna mtu anayeweza kuisoma nailoni. Ama hajali kwa sababu atakulipa kidogo mno, ama ameshaona neno liko kushoto nawe hujaliona. Na yule aliyesema imefungwa upya, mwombe akueleze ameona nini. Akitaja mshono au pembe, msikilize hata kama jibu linauma. Akikosa la kutaja, maneno yake hayana uzito.

Wakati unaamua, iweke gemu mahali pakavu, mbali na jua, maana mwanga hupausha rangi nyekundu na njano kwanza, na boksi hili ni la njano karibu lote. Nailoni huendelea kujibana pole pole kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwenye joto, na pembe za boksi hulipa. Kasha la akriliki linalolingana na boksi linatosha. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo hutoa mvuke na kunata. Usizipange nyingine juu yake.

Hukuniuliza kuhusu kuifungua, ila nashukuru hamkuifungua. Kucheza gemu hii hakuhitaji nakala hii. Katriji zake zilizotumika ziko nyingi, na kwa kuwa haina betri ya kuhifadhia mchezo kama ile ya The Legend of Zelda, nyingi bado zinawaka kama siku ya kwanza.

Nitumie picha za pande zote sita, taa ikimulika kwa ubavu, na nyingine tatu za karibu: mshono wa mgongoni, kitobo, na neno “Bros.”. Hapo nitakuambia kama ada ya alama ina faida kwako au la.