Igeuze Kabla Hujataja Bei

Jinzi ya mtumba hufia katikati ya mapaja. Muuzaji atakuonyesha mbele, penye rangi nzuri. Wewe igeuze, ingiza mkono kwenye mguu mmoja, tanua vidole pale mishono inapokutana msambani, kisha inua usawa wa jua. Mwanga ukipita kama kwenye chandarua, hiyo itapasuka siku si nyingi, tena ukiwa unapanda daladala. Kiraka hakiokoi kitu hapo, maana kitambaa cha pembeni nacho kimechoka na uzi mpya utakikata.

Zile za kuvutika zina ugonjwa wao. Lebo ikisema pamba 98 na elastane 2, hizo asilimia 2 za uzi wa kuvutika ndizo zinazoshika umbo, na ndizo za kwanza kufa, hasa nguo ikiwa imezoea mashine za kukaushia kwa joto huko ilikotoka. Vuta goti kwa upana, hesabu hadi 3, achia. Kitambaa kikibaki na mawimbi, au vinyuzi vyeupe vikichomoza, rudisha kwenye rundo.

Soko la Karume, Dar es Salaam, usitegemee chumba cha kujaribia. Namba ya lebo nayo ni ya kukisia: 12 ya kike ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na nguo imeshafuliwa mara nyingi. Wengine huzungusha kiuno cha suruali shingoni kukisia kama kitawatosha. Mwenye shingo nene itamdanganya. Tembea na futi ya fundi. Nyumbani laza suruali inayokukaa vizuri, pima kiuno, nyonga, paja, urefu kutoka msamba hadi pindo, na kimo kutoka msamba hadi kwenye mkanda. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, na ndicho kinachobana ukikaa. Andika kwenye simu. (Kioo cha bandani kilichoegemezwa kwa kulala kidogo hurefusha miguu. Hakikuegemezwa hivyo kwa bahati mbaya.)

Sasa fundi. Kiuno anaweza kupunguza inchi 2 bila shida. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana kama macho ya makengeza. Kuongeza kunategemea kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Suruali nyingi za kiume za kitambaa huachiwa akiba nyuma, lakini jinzi hazina, kwa sababu mishono yake hukunjwa na kupigwa mara mbili. Kuteremsha pindo la jinzi huacha mstari mweupe usiotoka. Mabega ya koti usiyaguse: kuyapunguza ni kung'oa mikono, bitana na pedi, na fundi akikubali haraka haraka ujue hajaielewa kazi.

Gharama hiyo iingize kabla hamjapatana. Shati la 8,000 linalotaka 5,000 ya fundi ni shati la 13,000, na kwa hela hiyo huenda lipo la kwenye henga lisilo na kasoro, banda la tatu kutoka hapo. Za kumwagwa chini ni rahisi kwa sababu wenzako walishazichambua asubuhi belo lilipofunguliwa.

Shati jeupe, tazama kwapa na mkunjo wa kola. Ile njano ya kwapani ni jasho lililochanganyika na aluminiamu ya dawa ya kuzuia jasho. Ukiimwagia jiki inakolea.

Viatu vina mtego mmoja mkubwa: soli nyepesi za povu la poliurethani. Unyevu huzivunjavunja hata kiatu kisipovaliwa, ndiyo maana raba inayoonekana mpya huachia soli siku ya tatu. Bonyeza ukucha ubavuni. Soli ikinata, ikitoa unga au ikimeguka, iache. Kisha kikunje kiatu na uangalie gundi pale kinapopinda.

Nguo za ndani usinunue kabisa. TBS, shirika la viwango Tanzania, imezipiga marufuku za mtumba.

Ukifika nyumbani, za pamba fua kwa maji ya moto, za sufu na za kuvutika kwa maji ya baridi. Harufu ya belo isipotoka, weka nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita 10 ya kusuuzia, uanike penye upepo. Siki na jiki visikutane ndoo moja, vinatoa gesi ya sumu.