Swali la lugha: “Kuboresha msimbo” ni kufanya nini?

Msomaji anayeandika programu anauliza: “Tunaandaa mpango wa kuongeza kipengele cha punguzo la bei. Kabla ya hapo inabidi tuupange vizuri msimbo wa zamani, bila kugusa chochote anachokiona mtumiaji. Kiongozi wetu ameandika ‘kuboresha msimbo’, mimi nikaandika ‘kurekebisha msimbo’. Nani yuko sahihi?”

Hakuna. Ila wewe umekosea kidogo, mwenzako amekosea sana. Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Mjaribu programu akilisoma ataanza kutafuta ni hitilafu gani imeondolewa. Libaki kwa kazi ya hitilafu, tuendelee.

Kuboresha ndilo linalonikera. Ni bora lililovishwa kiambishi cha kusababisha: kukifanya kitu kiwe bora. Bora kwa nani, kwa kipimo gani? Neno halisemi, na ndiyo sababu linapendwa. Kitufe kimehamishwa: tumeboresha. Seva imezimika usiku kucha: tulikuwa tunaboresha. Limezaa maboresho, limezaa uboreshaji, na sasa tunaletewa “maboresho yaliyoboreshwa”.

Kwenye tangazo linaudhi tu. Kwenye mpango wa kazi linaleta hasara. Chukua fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi moja) ya kujumlisha bei. Ile ya zamani hukadiria kila bei kuwa namba nzima kwanza, ndipo ijumlishe: bidhaa tatu za 0.4 kila moja zinakuwa 0, 0 na 0, jumla 0. Aliyepewa kazi ya “kuboresha” anaona huo ni upuuzi. Anajumlisha kwanza, anapata 1.2, kisha anakadiria: 1. Kaboresha, sivyo? Ndivyo alivyoandikiwa. Sasa jumla mpya hazilingani na zilizomo kwenye hifadhidata, na kwa kuwa punguzo liliingizwa katika badiliko hilohilo, hakuna anayejua tofauti imetoka wapi. Ukiurudisha msimbo wa jana, punguzo nalo linaondoka. Mhakiki, anayeusoma msimbo kabla haujapokelewa, hana la kusaidia: aliletewa mistari 800, ya punguzo ikiwa 40, akaipitisha kwa uchovu. Inawezekana kabisa kwamba jumla mpya ndiyo sahihi. Basi huo ni uamuzi, ulistahili mstari wake kwenye mpango na mtu wa kuuridhia.

Tuandike nini? “Kupanga upya” lingefaa, lakini ndani ya mpango wa kazi litasomwa kwamba tarehe zimesogezwa. “Kufumua” (fuma, fumua, kama funga, fungua) ni nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo wengi huishia hapo. Mimi nasema kusuka upya, na hata hilo lisiachwe peke yake: “kuisuka upya fanksheni ya jumla bila kubadili matokeo”. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye mzigo.

Mstari wa kwanza wa mpango uwe wa kuandika majaribio (msimbo mfupi wa kuikagua fanksheni) yanayonasa matokeo ya leo, pamoja na ile 0 ya ajabu. Unafuata wa kusuka upya: kuitenga sehemu ya kukadiria, kubadili majina yanayopotosha, kila hatua ikihifadhiwa peke yake na majaribio kuendeshwa kabla ya hatua inayofuata. Jaribio likishindwa, rudi hatua moja. Kulibadili jaribio ili lipite ni udanganyifu. Punguzo liongezwe mwishoni, katika badiliko lake na kwa majaribio yake. Mjaribu akisoma mpango huo anajua wapi atarajie tofauti na wapi apige kelele akiiona.

Kiongozi wako akiling’ang’ania neno lake, mwachie, ila mwombe aliwekee kipimo: “kuboresha orodha, ifunguke kwa sekunde 1 badala ya 4”. Hapo anaweza kuandika hata “kupendezesha”, kazi itafanyika.