Kuhakiki gemu za hadithi bila kumwaga siri

Ndugu yangu, nimekuelewa. Unataka kuhakiki gemu za hadithi na mafumbo, ila unaogopa kumwaga siri, na ukikwama unachungulia majibu kisha unajiona umedanganya.

Kuchungulia si kosa. Kosa ni kuficha. Mimi huweka daftari kando ya kibodi. Nikikwama naandika muda, fumbo na nilichojaribu. Nikishapata jibu najiuliza: dalili ilikuwepo nikaipita, au haikuwepo kabisa? Hapo ndipo uhakiki ulipo. Chukua Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, iliyotoka 2018. Unatafuta hatima ya watu 60 wa meli, na gemu huthibitisha majibu yakifika matatu sahihi. Ukieleza jinsi utaratibu huo unavyozuia kubahatisha ovyo, msomaji anaonja utamu wa fumbo bila kujua nani alikufa vipi.

Hadithi yenyewe, simulia mwanzo tu. Mwisho ukikukera, sema umeharakishwa, usiseme ulivyo. Na tafadhali, imalize gemu kabla ya kuihukumu.

Taja pia ukubwa wa maandishi, na mianga inayomweka kwa kasi, maana inaweza kumletea degedege mwenye kifafa.

Ukipewa nakala ya bure, waambie wasomaji. Ukiletewa mkataba, mwonyeshe mwanasheria kwanza. Niliwahi kutia saini bila kusoma, nikazuiwa kutaja hitilafu iliyofuta saa zangu zote za mchezo.