Umerudi Kigoma na mshono mpya, na hujamwambia mtu

Barua za wiki hizi zina jambo moja: watu wa kwetu wanaokwenda Dar es Salaam, na wengine India, kupunguzwa mfuko wa tumbo, kisha baada ya siku chache wako kitandani kwao Mwanga au Ujiji. Nani anafaa kufanyiwa na nani hafai nilishaandika, sirudii. Leo ni siku za mwanzo tu. Majina nimeyaacha.

Shikamoo Sista. Nimefanyiwa slivu, ule upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo, siku sita zilizopita, nimerudi nyumbani Gungu juzi. Mama mkwe anasema uso umenisinyaa, ananiletea ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Naweza kula kidogo tu asije akaudhika?

Marahaba. Hapana. Hata tonge moja.

Karibu robo tatu ya tumbo lako, au zaidi, imekatwa na kutolewa. Kilichobaki kinabeba kama mililita 100 hadi 150, na upande wake mzima una mshono ambao bado haujashika. Ugali wa muhogo unavutika na kuganda. Ukikwama utatapika, na kutapika kwa nguvu ndicho kitu tusichokitaka kabisa wiki hizi. Kwa wiki mbili za kwanza chakula chako ni cha kunywa. Baada ya hapo vinakuja vilivyopondwa, halafu vilaini, na vyakula vya kawaida vinasubiri mpaka kwenye wiki ya sita au zaidi, kwa ruhusa ya aliyekupasua. Ugali ni wa mwisho kwenye foleni hiyo.

Mama mkwe wako anakupenda, kwa hiyo mpe kazi. Achemshe mgebuka au kuhe bila mawese na bila pilipili, achuje kwa kitambaa safi, akuletee supu yake. Kuanzia wiki ya tatu, ukiruhusiwa, asage dagaa wakavu wawe unga laini, auchanganye kwenye uji mwepesi. Unahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na inanisikitisha kuona watu wanaagiza makopo ya unga wa protini kwa bei kubwa huku Kibirizi dagaa wanaanikwa mbele ya macho yao. Kopo lina nafasi yake wiki mbili za kwanza, pamoja na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Baada ya hapo ziwa letu linatosha.

Na kunywa kuna namna yake. Vijiko viwili vya chakula, subiri dakika 10 hadi 15, tena vijiko viwili. Usitumie mrija, usiguse soda. Lengo ni kufika lita moja na nusu kwa siku, na utaona kwamba siku nzima kazi yako ni hiyo tu. Ifanye. Kukaukiwa maji ni moja ya sababu kubwa za watu kurudishwa wodini mapema. Mkojo ukiwa mchache na mweusi, umechelewa kunywa.

Nimepungua kilo tatu tu wiki ya kwanza. Ni kawaida? (Ujiji)

Ni kawaida. Ficha mizani mwezi mzima, hesabu maji unayokunywa.

Sista, mke wangu yuko siku ya tisa tangu afanyiwe upasuaji Dar. Jana usiku amepata homa, moyo unamwenda mbio, tumbo linamuuma kushoto kwa juu. Duka la dawa wamempima, wamesema ana malaria, wamempa mseto. Tusubiri amalize dozi? (Kasulu)

Huyu bwana nilimpigia siku ileile aliyoandika, na mkewe alifikishwa hospitali. Ninaichapa barua yake kwa idhini yake, kwa sababu naogopa wapo wengine wanaomalizia dozi hivi sasa.

Msisubiri. Ndani ya mwezi wa kwanza baada ya upasuaji huu, homa ni ya mshono wa ndani mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Mshono unaweza kuvuja, na maji ya tumbo yakamwagika ndani. Haitokei kwa wengi, ila ikitokea inaua kwa siku chache, na inaweza kuanza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali na anajiona amepona. Dalili yake ya kwanza mara nyingi si homa wala maumivu, ni moyo. Shika kifundo cha mkono, mgonjwa akiwa amepumzika, hesabu dakika nzima. Mapigo yakifika 120, ondokeni nyumbani. Msingoje asubuhi.

"Lakini kipimo kimeonyesha malaria." Nawasikia. Mkoa wetu una malaria nyingi, na mtu aliyekulia hapa anaweza kuwa na vimelea kidogo kwenye damu bila vimelea hivyo kuwa ndiyo ugonjwa unaomuumiza leo. Tena kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Malaria itibiwe, sawa, lakini itibiwe hospitali, huku daktari akijua kwamba tumbo hilo limekatwa juzi. Siwalaumu wenye maduka ya dawa. Yule aliyempima hakuambiwa habari ya upasuaji. Mgonjwa mwenyewe aliona aibu kusema.

Nina maumivu makali ya bega tangu nitoke chumba cha upasuaji, na bega halikupasuliwa. (Urambo)

Ni ile gesi waliyokujaza tumboni ili kamera ipate kuona. Tembea taratibu ndani ya nyumba, itaisha ndani ya siku chache. Lakini kama bega lilishapoa kisha likaanza upya, hasa la kushoto, na pumzi ni fupi, rudi ukasome jibu la Kasulu na uondoke.

Nilikuwa na maumivu ya mgongo nikanunua diklofenaki. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia zinachimba vidonda tumboni, na aliyefanyiwa baipasi (kitumbo kidogo kuunganishwa moja kwa moja na utumbo) yuko hatarini zaidi kwa maisha yake yote. Tumia parasetamoli. Nimeandika hivi mara nyingi, na bado kila wiki ananiandikia mtu aliyeshaimeza. Ulizeni kabla ya kumeza. Kama daktari alikuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, hiyo usiiache kivyako, mpigie akwambie.

Mimi ni wa Tabora. Nitafanyiwa Dar Jumatatu na nitaruhusiwa kutoka Alhamisi. Nataka kupanda SGR hadi Dodoma, halafu basi. Ni sawa?

Kuruhusiwa kutoka wodini si kuruhusiwa kusafiri zaidi ya kilomita 800. Tafuta ndugu Dar, ukae kwake mpaka siku ya kliniki ya kwanza, wiki moja au mbili. Najua ni gharama na najua ndugu wengine ni wagumu. Iweke gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya kulipia upasuaji. Kama hela ya kukaa Dar wiki mbili haipo, basi hela ya upasuaji bado haijatimia.

Ukishapewa ruhusa, hatari kubwa ya njiani ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kisha donge likapanda hadi kwenye mapafu. Kwenye treni inuka kila saa, tembea kwenye korido. Kwenye basi ni kazi ngumu zaidi: watu wetu hawanywi maji siku nzima wakiogopa kumwomba kondakta asimamishe gari wachimbe dawa. Wewe kunywa, na mwambie kondakta mapema kwamba umetoka hospitali. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu. Kama ulipewa sindano za kuzuia damu kuganda za kuendelea nazo nyumbani, usiruke hata moja kwa sababu ya safari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukabanwa na kifua ghafla, shuka kwenye mji wenye hospitali. Nauli iache ipotee.

Nyanya yangu Sikonge ananipa maji ya uvuguvugu na asali kila asubuhi kwa ajili ya kidonda. Asali si sukari ya dukani, au? (siku ya 11, baipasi)

Asali ya Sikonge ni nzuri na naipenda, lakini kwenye tumbo lako ni sukari. Baada ya baipasi, kitu kitamu kinateremka kwenye utumbo kwa kasi, na ndani ya nusu saa unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, unaharisha, unataka kuzimia. Juisi ya miwa, uji uliokolezwa sukari na chai ya maziwa tunayoipenda vinafanya vilevile. Mwambie bibi akuchemshie maji na tangawizi kidogo.

Nina kisukari, natumia glibenklamaidi, na presha natumia dawa ya kukojosha. Nimetoka hospitali jana, hawakuniambia kitu. Niendelee? (Nzega)

Pima sukari sasa hivi, kabla ya kumeza kitu. Hii ni hatari ambayo watu hawaijui: sukari inaweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata mwili haujapungua. Unakula vijiko vya supu, na kidonge bado kinasukuma insulini kwa kiwango cha mtu anayekula sahani ya wali. Unaweza kulala usiamke. Na dawa ya kukojosha inakunyang'anya yale maji unayoyatafuta kwa vijiko. Mpigie aliyekupasua leo; asipopatikana, nenda Hospitali ya Wilaya na dawa zako zote mkononi. Dozi ibadilishwe na daktari. Usijipunguzie wala usiziache zote kwa kubahatisha.

Ramadhani inaingia na mimi nina wiki tatu tangu upasuaji. Nitajitahidi kufunga. (Ujiji)

Usifunge. Huwezi kunywa lita moja na nusu kwa vijiko kati ya futari na daku. Qurani yenyewe, Sura ya Pili aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kuzilipa siku nyingine. Zungumza na shehe wako kuhusu kulipa, na zungumza na daktari kuhusu mwakani.

Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Niendelee navyo? (Kibondo)

Kama ni baipasi, usivitegemee. Mwili hauvinyonyi kwa uhakika. Na kwa upasuaji wowote, ukitapika kidonge kimekwenda. Nenda kituo cha afya, huduma ni bure, uombe kijiti au kitanzi. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Nawaambia hasa nyinyi mliokaa miaka mkiamini hamshiki mimba: uzito ukianza kushuka, mayai yanaamka, na inakuja mapema kuliko mnavyodhani.

Sista, sijamwambia mtu. Mume wangu anajua nilikwenda Dar kutolewa uvimbe. Natapika kila siku, sasa ni wiki ya tatu. Nikienda Hospitali ya Maweni nitakutana na watu wanaonijua. Nifanyeje nisigundulike? (Mwanga)

Mdogo wangu, nimesoma barua yako mara kadhaa. Sitakufundisha namna ya kujificha.

Najua wanavyosema mtaani. Mwanamke akiwa mnene wanamcheka, akipungua wanasema ana ngoma, akipasuliwa wanasema amechezea uumbaji wa Mungu. Maneno hayo ni ya kikatili, na wanaoyasema wanafukuza wagonjwa hospitali. Hata hivyo, mwili wako uko kwenye hatari ambayo siri inaiongeza.

Kutapika wiki tatu kunamaliza vitamini B1 mwilini. Ikiisha, mtu anaanza kuona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na madhara mengine hayarudi nyuma. Sasa fikiria umefika hospitali umezimia, na mumeo anamweleza daktari habari ya uvimbe. Daktari mwema, kwa nia njema, anaweza kukutundikia dripu ya sukari. Dripu ya sukari bila kutanguliza B1 inaweza kukumalizia ile kidogo iliyobaki. Au anakupitisha mpira wa puani hadi tumboni, kama anavyowafanyia wengine wanaotapika, na mpira unakutana na mshono asioujua. Hatakuwa na kosa. Hakuambiwa.

Kwa hiyo fanya hivi, leo. Toa karatasi ya kuruhusiwa ulikoificha. Nenda Maweni, omba kuonana na daktari faragha, mpe karatasi, useme maneno haya: nimepunguzwa tumbo tarehe fulani, natapika wiki tatu, nahitaji B1 kabla ya dripu, na namba ya aliyenipasua ni hii. Siri ya mgonjwa ni wajibu wao. Na nyumbani awepo mtu mmoja anayejua. Kama si mume, basi dada, mama, au rafiki anayelala karibu. Mtu atakayeweza kusema ukweli usiku ambao wewe huwezi kusema.

Kuna chai ya kusafisha tumbo inauzwa, niongeze kasi? (wengi)

Hapana. Chai zinazoharisha zitakukausha.

Wanafanya wapi na ni bei gani? (wengi zaidi)

Hili nimelijibu mara nyingi. Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanapokea wagonjwa wa unene na wanaweka hata puto tumboni. Bei ulizeni kwao, inabadilika na mimi si karani wao. Ila kabla ya bei, muulize atakayekupasua mambo matatu. Atanipa karatasi inayoeleza alichofanya, iliyoandikwa vizuri kiasi cha daktari wa Kigoma kuielewa? Kliniki ya kwanza ni lini, nami nitakaa wapi mpaka siku hiyo? Na nikipiga simu saa nane usiku, siku ya nane, moyo ukinienda mbio, ni nani atapokea? Mwombe namba hiyo, uipigie ukiwa bado Dar, usikie kama inapokelewa. Isipopokelewa, usilipe.