Kanuni za Karate ya Mapigo ya Nguvu Zote: Ushauri kwa Wanaoanza

Vijana wengi wanaojiunga na mazoezi ya jioni hapa Dodoma huuliza kwanza ni mtindo gani wa karate ulio mkali kuliko mingine. Ningewashauri waanze na maswali mawili tofauti: kanuni zinaruhusu pigo litue wapi, na nani ana mamlaka ya kusimamisha pambano. Hakuna mtindo wa mapigo ya nguvu zote usioumiza; kinachotofautiana ni sehemu ya mwili itakayoumia.

Katika Kyokushin, mtindo ulioasisiwa na Masutatsu Oyama na ambao mashindano yake ya Japani nzima yalianza mwaka 1969, watu wazima hupigana bila glavu. Ngumi ya usoni imekatazwa, lakini teke la kichwa ni halali, na ngumi za kifua na tumbo pamoja na mateke ya mapaja hupigwa bila kupunguza nguvu. Anayeangushwa kwa pigo halali akashindwa kuinuka ndani ya sekunde 3 hupoteza pambano kwa ippon, yaani pointi kamili inayomaliza pambano. Akiwahi kuinuka na kuendelea, mpinzani hupewa waza-ari, yaani nusu ya pointi, na waza-ari 2 ni sawa na ippon. Tarajia basi maumivu ya mbavu na miundi, na zaidi ya yote mapaja. Kesho yake paja huvimba na kukaza hata kuchuchumaa kukawa kazi. Hapo usikubali kuchuliwa kwa mafuta na maji ya moto kama wengi wetu tulivyozoeshwa nyumbani, kwa sababu damu iliyovilia ndani ya msuli huweza kuongezeka, na msuli uliochuliwa mapema huweza hata kuota mfupa ndani yake. Tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, na uache mateke hadi goti likunjike lote bila maumivu.

Kudo, iliyoanzishwa na Takashi Azuma mwaka 1981, inaruhusu ngumi za usoni, kutupana na kukabana chini kwa muda mfupi, na wachezaji huvaa kofia yenye kioo cha plastiki mbele ya uso. Wengi wakiiona kofia hiyo hudhani wamepata mchezo salama zaidi. Kwa pua, meno na ngozi, ni kweli. Ubongo, hata hivyo, hutikisika ndani ya fuvu kofia ikiwepo au isiwepo, na uso usiovuja damu humdanganya mchezaji pamoja na kocha wake. Mtindo wa tatu, Enshin ya Joko Ninomiya, unaoruhusu kumshika mpinzani kwa mkono mmoja na kumwangusha, unadai kwanza ujue kuanguka.

Kanuni za Shirikisho la Karate Duniani (WKF), zilizotumika kwenye Olimpiki, zinadai pigo lidhibitiwe. Tarehe 7 Agosti 2021 huko Tokyo, katika fainali ya wanaume wenye uzito unaozidi kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alimwangusha Sajad Ganjzadeh wa Irani kwa teke la kichwa. Ganjzadeh alitolewa kwa machela, naye ndiye aliyepewa dhahabu, kwa kuwa Hamedi aliondolewa kwa kuzidisha nguvu. Chini ya kanuni za Kyokushin teke la aina hiyo lingekuwa ippon.

Ndiyo maana ninayahofia mapambano ya kirafiki kati ya klabu mbili zenye kanuni tofauti kuliko mashindano rasmi. Aliyezoea kutopigwa ngumi usoni husogea karibu akiwa ameshusha mikono, kidevu kikiwa wazi. Akikutana na anayeruhusiwa kupiga uso, huumia kabla mwamuzi hajatamka neno. Makubaliano ya kanuni yafanyike kabla ya kufunga mikanda, mbele ya wachezaji wote, na kinga ya meno na ya sehemu za siri zikaguliwe mlangoni. Katika joto letu la Oktoba na Novemba, asiruhusiwe mtu kujinyima maji ili apunguze kilo.

Aliyepigwa kichwani akayumba au kupoteza kumbukumbu, hata kidogo, asirudi mkekani siku hiyo, hata akisisitiza kuwa hajambo. Asipande bodaboda kwenda nyumbani peke yake, na usiku huo asilale bila mtu wa kumwangalia. Akitapika, akilalamikia kichwa kinachozidi kuuma, au akawa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali mara moja. Kurudi kwenye mapambano kusubiri dalili zote ziishe na daktari aruhusu.