Hungaria na dhahabu zake za polo ya majini
Kwa aliyeuliza ni timu gani ya taifa ya wanaume iliyofanikiwa zaidi katika polo ya majini, jibu ni Hungaria, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mara 9, zikiwemo tatu mfululizo za 2000, 2004 na 2008 chini ya kocha Dénes Kemény. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ushindi wao mkubwa kuliko wote ni wa Olimpiki ya Melbourne, Desemba 1956, wiki chache baada ya vifaru vya Kisovieti kuyazima maasi ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria: walipokutana na Wasovieti, mchezaji wa Hungaria Ervin Zádor alipigwa ngumi na Msovieti Valentin Prokopov, akatoka majini huku damu ikimchuruzika usoni, na mchezo ukavunjika Hungaria ikiongoza 4-0. Mechi ya mwisho wakaifunga Yugoslavia 2-1, Zádor akitazama tu.